Mashua Iliyotusemea

Mama mkwe wangu mpendwa,

Naanza kwa kukuomba radhi, kwa sababu barua hii inakuja kwako moja kwa moja. Katika miaka yote tuliyojuana sikuwahi kusema nawe hivi ila mara moja, bila mtu wala kitu katikati. Kwetu Bukusu na kwenu Usamia jambo hili halina ubishi: mume hamshiki mkono mama wa mke wake, hali naye meza moja, halali naye chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Heshima hiyo niliishika. Hata mwaka jana ulipozikwa, sisi wakwe tulikaa upande wetu, mbali na jeneza, na maneno niliyokuja nayo kutoka Nairobi nikarudi nayo Nairobi.

Nafula, mjukuu wako, ndiye atakayeisoma barua hii mbele ya watu wa nyumbani siku ya ukumbusho wako. Ndiyo maana naandika Kiswahili. Anakisoma vizuri kuliko lugha yetu, jambo ambalo hukuacha kumlaumu nalo, na mimi pia.

Unajua mashua ilianzia wapi? Ilianzia kwenu. Siku nilipokuja na baba zangu wadogo kumposa Perpetua, ulitokea mlango wa jikoni na nikapaswa kutazama pengine. Hapo pengine palikuwa ziwani. Mimi mtu wa mahindi na vilima, nilikuwa sijaona tanga likijazwa upepo. Wazee wakazungumza mambo ya ng'ombe kutwa nzima nami sikusikia hata moja. Baba mdogo alinifinya pajani. "Unaoa msichana au unaoa ziwa?"

Miaka mitatu baadaye, mkuu wa ofisi niliyofanyia kazi mjini Nairobi, Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, alikuwa na mashua nzee ya mbao kwenye banda lake kule Westlands. Hakuna aliyeitaka. Nilikuwa karani wa stoo, sina pesa ya kununulia mashua, ila nilikuwa na baiskeli nzuri sana. Mtoto wake aliitaka baiskeli. Tukabadilishana.

Kesho yake habari ilikuwa imeshafika River Road yote. Nilipoenda kula mchana, wenzangu walinipokea kwa makofi.

"Huyu ameuza miguu akanunua mashua. Nairobi hii!"

"Bahari yako iko wapi, karani? Huu mto wetu wa maji machafu?"

"Ngojeni mvua inyeshe hapa River Road," nikawaambia, "tutaona nani atafika nyumbani."

Aliyekuja kuitazama bila kucheka ni Bwana Shee, mtu wa pwani aliyeuza kamba na turubai katika duka dogo nyuma ya soko. Aliigonga ubao kwa ubao kwa kidole, akaweka sikio. "Mashua hii mzee," akasema, "lakini ni mzee mwenye meno." Akaniuzia pamba ya kuziba nyufa na debe la mafuta ya papa ya kupaka mbao, akanifundisha kazi hiyo. Tuliileta Riruta kwa mkokoteni, tukaipindua uani, kati ya vyumba vyetu na lile jiko la nje. Harufu ya papa ilifika hadi barabarani. Majirani waliniuliza kila jioni, "Karani, leo pia mnakula samaki?"

Ilikuwa bado imelala pale kifudifudi, mwishoni mwa mwaka wa 1967, ulipokuja.

Mama, wewe ndiye uliyejua uzito wa safari ile. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Perpetua. Hii ya tatu daktari alisema alale, asibebe hata ndoo, na kama ingewezekana awe na mama yake karibu hadi siku ya kujifungua. Mimi nilikuwa kazini kutwa. Tulikutumia nauli tukaomba Mungu usikatae.

Kuhusu malazi nilijiona mwerevu. Nilikukodia chumba cha tatu kwenye safu ile ile, na katikati yetu aliishi fundi mmoja wa viatu, kwa hiyo kuta zilikuwa mbili. Niliwaza kuta tu. Asubuhi ya pili ulitoka nje, ukarudi nyuma hatua kadhaa, ukatazama juu. Vyumba vyote sita vilifunikwa na bati moja, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa ndani, mlango umerudishwa. Nilikusikia kupitia dirishani ukimwambia mwanao, ukiniita mwenye nyumba kama ulivyozoea, "Bati linaanzia kwa mwenye nyumba linafika hadi kwangu. Siku mbili nimelala chini ya paa la mkwe wangu."

"Mama, hapa ni Nairobi," Perpetua akasema. "Paa ni la mwenye ploti."

"Nani analilipia?"

Nilisikia ukifunga mzigo, halafu nikasikia mke wangu akilia kwa sauti ya chini ya mtu anayeogopa kuutikisa mwili wake. Siku ile nilielewa kuwa ukiondoka tutampoteza na huyu mtoto, na sikuwa na mtu wa kumtuma kwako. Fundi wa viatu alikuwa Mkamba, angeicheka habari yote. Mtoto wa kutumwa hatukuwa naye. Ndiye tuliyekuwa tukimtafuta.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Ulikuwa umesimama upande wa jikoni, mzigo kichwani, mgongo umenielekezea. Kati yetu kulikuwa na mashua. Nikakohoa.

"Mashua," nikasema, "kama hapa kungekuwa na mtu anayetaka kusafiri leo, ungemwambia kwamba lile jiko la nje limejitenga. Lina paa lake lenyewe."

Kisha ukasema, bila kugeuka, "Mashua, mwambie aliyesema hivyo kwamba lile jiko linavuja kama kikapu. Mimi nina macho."

"Mashua, mwambie mama kuna turubai jipya ndani, la kushonea tanga lako. Jioni hii litakuwa juu ya jiko."

"Na wewe mashua utavaa nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Mwambie mama utangoja," nikasema.

Ukashusha mzigo.

Basi ulikaa. Nililipigilia turubai juu ya jiko, na mvua za vuli zikanyesha juu yake, na kila tulipokuwa na la kuambiana tuliiambia mashua. Majirani walidhani ukoo wetu wote una kichaa. Perpetua akiwa kitandani alisikia kila kitu kupitia dirishani, akaipa mashua jina la Mjumbe. Jina la Kizungu lililokuwa ubavuni lilikuwa limeshafutika.

Katika shajara yangu ya miezi ile nilizoea kuandika hali ya hewa, kazi za siku, na mwisho wa ukurasa, "Mjumbe amesema." Mjumbe alisema mwenye nyumba anunue ndizi mbichi, zile za juzi ni za kulisha ng'ombe. Mjumbe alisema mama anauliza kwa nini mwenye nyumba ananyoa ndevu kila siku, ananyoa nini. Mjumbe alisema mtoto amecheza leo, mara nyingi, na kwa nguvu. Hilo la mwisho ulilisema kwa sauti ndogo, ukaugonga ubao mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayemgonga mwenzake begani.

Mvua zilipokatika ulinirudishia turubai. "Mashua, mwambie achukue nguo yako. Bibi harusi haazimi watu gauni lake milele." Fundi wa viatu alikuwa ameshaziba matundu ya jiko kwa madebe yaliyobonywa. Bwana Shee akanishonea tanga, mara hii bila kunidai ufundi. Alisema hajawahi kushona tanga lililotoka kuwa paa la mama mkwe. Nami kwa furaha yangu, Jumamosi moja ya Januari, nikaita mkokoteni, tukaisukuma Mjumbe hadi Bwawa la Nairobi, ng'ambo ya Kibra. Mlinzi mmoja alikubali kuniangalizia. Jioni nilirudi nyumbani naimba.

Wiki nzima iliyofuata hukusema neno.

Mimi sikutambua! Nilidhani umechoka. Nikiingia uani unaingia jikoni, nikienda jikoni unatoka kwa upande mwingine. Jumamosi nilikuta mzigo wako umefungwa upya, umewekwa mlangoni pa jiko. Perpetua aliniita kitandani, akanishika ukosi wa shati.

"Mume wangu, wewe umesoma hadi sekondari," akasema. "Umeipeleka mashua bwawani. Ulimi wa mama umeuacha wapi?"

"Niirudishe?"

"Mkokoteni kwenda, mkokoteni kurudi, watu waseme nini? Mpeleke yeye kwa mashua. Jirani atakaa nami hadi mrudi."

"Nimwambieje?"

"Mwambie mlango. Mwambie kuku. Lakini mama haondoki."

Jumapili baada ya kanisa tulikwenda. Ulitembea mbele umbali wa kurusha jiwe, nami nikafuata, na penye njia panda nilikohoa mara moja kwa kulia na mara mbili kwa kushoto. Bado najiuliza tulionekanaje kwa watu wa Ngong Road.

Ulipoiona Mjumbe ukingoni, imesimama wima na mlingoti wake, ulivua viatu. Uliizunguka. Ukaingia bila kusaidiwa, kama mtu anayepanda kitanda chake, maana miaka yote ya kuuza samaki wakavu visiwani ulikuwa umekaa ndani ya mashua za watu. Kisha ukaona tatizo. Mashua ile ilikuwa fupi. Watu wawili wakikaa vibaya magoti yanagusana. Nikasimama majini nimeshika ubavu wake, sijui la kufanya, na upande wa pili waungwana wenye mashua za rangi mpya wanatutazama.

Ukasema, "Mashua, mwambie apandishe tanga."

Nililipandisha. Likajaa upepo, likatanda kati yako na mimi, jeupe, pana, na upande wako sikuona kitu isipokuwa vidole vya miguu. Lile turubai lililokuwa paa lako lilikuwa sasa ukuta wako. Nikaushika usukani, tukaondoka.

Nimeandika habari za siku nyingi, lakini ile niliiandika kurasa nne. Mawingu yalikuwa juu, vilima vya Ngong vilionekana vizuri, na maji yalipiga mbao kwa sauti ambayo tangu hapo nimeitafuta mahali pengine nikaikosa. Wewe ulitazama mbele, mimi nikatazama tanga.

"Mashua, mwambie maji yale pale yamekunja uso. Upepo unakuja."

Ukaja.

"Mashua, mwambie asiishike kamba kama anayeongoza mbuzi mkaidi. Ailegeze."

Nikailegeza.

Kila tulipogeuza, tanga lilihama upande, na wewe ulipaswa kuhama pia ili libaki katikati yetu. Nilikuwa namwambia mashua, mashua anakwambia, unajifunika kanga usoni, unahama, tunaendelea. Mara ya kwanza tulifaulu. Mara ya pili tulifaulu. Mara ya tatu upepo ulitoka nyuma yetu ghafla, na wewe ukawa umeinuka kuhama kabla sijasema lolote. Nikauona ule mti wa chini wa tanga unakuja, mzito, kwa usawa wa kichwa chako.

Hapakuwa na nafasi ya kumtuma mtu.

"Mama, inama!"

Uliinama. Mti ulipita juu yako ukakichukua kitambaa cha kichwa, kikaangukia majini. Mashua ikayumba, ikatulia. Tanga lilikuwa upande wa pili na wewe ulikuwa mbele yangu waziwazi, kichwa wazi, mvi zote nje, na mimi nilikuwa nimekukemea kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikageuza macho upande wa Kibra. Niliwaza mzigo uliofungwa mlangoni pa jiko. Niliwaza nimemaliza kila kitu, mtoto na mama yake, kwa neno moja.

Kitambaa kilikuwa kinaelea. Sikujua la kufanya isipokuwa kukifuata. Nikageuza mashua pole pole, nikakivua kwa kasia, nikakikamua, nikakipitisha kwako kwenye ncha ya kasia lile lile huku nikitazama nyuma. Nilihisi kasia likiwa jepesi. Ulikuwa umekichukua.

Halafu nikasikia sauti ya ajabu. Ulikuwa unacheka. Ulicheka hadi mashua ikatikisika.

"Mashua," ukasema, ulipoweza kusema, "mwambie nimesikia. Na mwambie sikusikia."

Tulipofika nyumbani ulienda moja kwa moja jikoni, ukaufungua mzigo.

Nafula alizaliwa Aprili, mvua ikimwagika kama tangi lililopasuka, ndipo akapata jina lake, la mtoto wa mvua. Alilia kabla hajatoka vizuri. Ulinitumia habari kwa kugonga ukuta wa chumba, kwa kuwa Mjumbe alikuwa bwawani, na ukuta nilimwelewa.

Mama, watu wakiniuliza miaka yangu mizuri ni ipi nawaambia ni hiyo iliyofuata. Kila mwaka baada ya mavuno ulikuja kututazama, na kila Jumapili ya msimu ule tulikuwa majini. Perpetua hakupanda hata siku moja. Alikaa ukingoni na chupa ya chai na viazi vitamu, akituhesabia makosa. Nafula alipoanza kukaa alikuwa upande wako kwenda na upande wangu kurudi, tukimpitisha chini ya tanga kama mkate. Alipoanza kusema aliamini mashua zote husema. Watoto wa Kibra walitukimbilia ukingoni wakiita, "Nyanya, tupeleke Kisumu!" nawe uliwajibu, "Leteni nauli!" Mbao zilivuja kidogo kila mwaka, nikaziba kwa pamba ya Bwana Shee. Sikutamani mashua nyingine. Tajiri mmoja pale bwawani aliniuliza kwa nini sipati iliyo mpya, nikamwambia hii imeshazoea kusema nasi.

Mwaka fulani wazee wa kwetu walisema inatosha. Nitoe mbuzi na blanketi, mila ifunguliwe, tusalimiane kwa mkono kama watu. Nilikuwa tayari. Nilileta habari majini kwa njia yetu. Ulijibu tulipogeuza. "Mashua, mwambie amwache mbuzi amalize majani yake. Sisi tunazungumza vizuri."

Mbao za chini ziliisha mwaka wa 1976. Hakuna pamba wala mafuta ya papa ambayo yangesaidia. Mlinzi alisema ninunue mafuta ya taa niichome pale pale, wengi hufanya hivyo. Nilipokupa habari ulikuwa umekuja kwa mara ya mwisho, macho yako yameanza kufifia, umekaa jikoni kwako na mlango wazi, nami nikiwa nje na kuku. Ulimwambia kuku anikumbushe kwamba mjumbe hauawi. Basi sikuichoma. Nilitoa mbao zilizokuwa nzima, nikatengeneza benchi, nikaliweka uani pale pale Mjumbe alipokuwa amelala kifudifudi siku ya mzigo wako. Tanga lilirudi juu ya jiko.

Siku ya kuondoka ulikaa kwenye ncha moja ya benchi kungoja basi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ncha nyingine. Tulitazama pande tofauti. Ulipiga ubao mara mbili kwa kiganja, ukaondoka.

Nimeandikia barua hii kwenye benchi hilo, jioni hizi za Jumapili, huku Perpetua akiniuliza nimefika wapi. Sina huzuni kubwa, mama. Nina nyumba yenye mtoto anayesoma, mke mwenye afya, na sauti ya maji kwenye mbao nikifunga macho. Nilikuwa na moja tu lililobaki: sikuwahi kukushukuru. Kila nilipotaka kulisema niliona kulipitisha kwa mashua ni kulipunguza, na kulisema mwenyewe ni kukuvunjia heshima. Sasa nimelisema. Asante kwa kuufungua ule mzigo.

Kama barua imekuja uso kwa uso mno, fanya kama ulivyofanya siku ile majini. Sema umesikia, na sema hukusikia.

Ni mimi mkweo, mwenye nyumba,
Riruta